Mkono Alioushika Mzee Idd

Udi ulikataa kunukia. Wanawake waliutia makaani konzi kwa konzi, moshi ukajaa nyumba mpaka kuku wakakohoa, lakini harufu iliyotoka ni ya tope la ziwa, lile la chini kabisa wanakofia kambale. Kijiji kizima cha Basotu kiliinusa. Mimi ndiyo kabisa, pua yangu hii inamjua ng'ombe mgonjwa akiwa bado Masakta.

"Kuna jini hapa," bibi mmoja alinong'ona.

"Akae, ale pilau," akajibu Mzee Idd. Siku hiyo alikuwa anamwoza binti yake Zaituni, kichwa kimemvimba haingii mlangoni.

Bwana harusi alikuwa Patriki, kijana wa kwenye mashamba ya ngano, amesilimu juzijuzi kwa ajili ya huyo huyo Zaituni. Yeye na Mzee Idd wakakaa mkekani goti kwa goti, wameshikana mikono ya kulia, kitambaa cheupe juu yake. Mzee Idd akatamka maneno ya kuozesha kwa Kiarabu. Ikawa zamu ya Patriki kujibu, kwa Kiarabu vilevile, kwamba amekubali. Akaanza, akakwama. Akarudia, akakwama. Jasho lililomtoka lingenywesha ndama.

"Umekwama, mkwe?" Mzee Idd akamcheka usoni.

Sheikh aliyesimamia ndoa akasema, "Ajibu kwa Kiswahili. Inafaa."

"Haifai! Binti yangu haolewi kwa lugha ya gulioni." Akawageukia watu. "Mtazameni, ulimi kama jembe butu! Jamani, anayeweza kujibu ajibu yeye, nampa sasa hivi!"

Watu wakacheka mpaka turubai likatikisika.

Ndipo jibu likaja. Kiarabu kilichonyooka, sauti nzito, inatoka chini ya kitambaa. Mzee Idd akatabasamu akidhani kijana ameweza, kumbe Patriki alishautoa mkono wake zamani, yuko anajifuta machozi kwa viganja vyote viwili, na bado pale chini ya kitambaa mzee kashika mkono, wa baridi, umelowa, una vidole virefu vinavyomzunguka mpaka kiwikoni, nao ukambana taratibu kama mtu anayemsalimia baba mkwe.

Akakirusha kitambaa. Tope tupu.

Chumbani Zaituni akapiga kelele. Tukamkuta kaketi kitandani, macho yamegeuka meupe, na kwenye paji la uso, pale bwana harusi anapotakiwa kumwekea mkono baada ya ndoa, pameshawekwa: alama ya kiganja cha tope, vidole vyake vimevuka utosi vikashuka mpaka shingoni.

Patriki akamkimbilia. "Zaituni!"

"Usiniguse. Mimi mke wa mtu." Akamsukuma kwa kidole kimoja, mtu mzima akatoka na mlango.

Sheikh akasoma mpaka sauti ikamkauka. Yule wa ndani akamjibu kwa kinywa cha binti: "Unanifukuza kwa kosa gani? Nimeozwa na baba yake, walii wake, mashahidi wamesikia."

"Basi mpe talaka," sheikh akanong'ona.

"Nitampa. Baba yake aniombe kwa Kiarabu, maneno yake mwenyewe, asikwame."

Mzee Idd akapiga magoti. Maskini, Kiarabu chote alichokuwa nacho ni yale maneno ya kukariri. Akafungua kinywa, akatoa neno moja, akakwama. Akajaribu tena, na kila alipokwama, shingo ya Zaituni ilijikunja kidogo kwenda nyuma, ikilia kama kuni kavu, naye mzee anasikia, anazidi kukwama, mpaka akalia kama mtoto: "Nikuombe kwa Kiswahili, baba! Kwa Kiswahili!"

Zaituni akacheka kwa sauti ya kiume.

"Lugha ya gulioni?"

Jini hajatoka mpaka leo. Patriki amerudi kwao. Zaituni haonekani nje. Kila asubuhi mlangoni kwa Mzee Idd kuna kambale hai, mrefu kama mtu, posho ya mke, na ni mzee mwenyewe anayemchinja na kumpika. Akichelewa kidogo tu, sauti inatoka chumbani kwa binti, ya upole, ya heshima kabisa:

"Umekwama, baba mkwe?"