Hatuna Haraka

Kila asubuhi, hapo Memphis, Marekani, Marquell alimvisha mdogo wake viatu, akampeleka kituoni kungoja basi la shule, kisha akakimbilia shule yake mwenyewe. Bibi yake, Earline, alikuwa bado kazini, akifua mashuka ya hospitali. Miaka kumi na mitatu tu, na tayari mtoto amechoka kama mzee.

"Marquell, soma," alisema Bwana Pettigrew, mwalimu wa darasa la saba.

"Nimechoka, Mwalimu." Akalaza kichwa mezani.

"Hata mimi nimechoka. Ijumaa utasoma ukurasa mzima mbele ya wenzako, la sivyo utarudia darasa."

Jamani, kurudia darasa! Wala hakuwa mvivu. Maneno marefu yalimkwama kooni, na Keyonte wa dawati la nyuma hakuwa na huruma: "Kobe huyo akifika kwenye nukta, sote tutakuwa na mvi!"

Jioni alimkuta bibi yake ameloweka miguu kwenye beseni, akamweleza.

"Mbona kanisani unasoma matangazo kila Jumapili?"

"Kanisani nikikwama, akina mama huniambia, 'Taratibu, mwanangu, hatuna haraka.' Shuleni wananicheka, Bibi."

Bibi alishusha pumzi. "Basi kasome kama uko kanisani. Mimi nitakuombea. Nguvu nyingine sina."

Ijumaa Marquell alisimama. Neno refu kwenye mstari wa tatu likamshinda. Akarudia mara mbili, akaanza kufunga kitabu.

"Taratibu, mwanangu," ikasema sauti ya bibi kizee kutoka nyuma. Kumbe ni Keyonte, akiwaiga akina mama wa kanisani! Naye alisali kanisa hilohilo.

Darasa zima likaangua kicheko, maana wengi wamelelewa na sauti hizo. "Hatuna haraka!" wakaitikia, mmoja akijipepea kwa daftari. Marquell naye akacheka. Akalikata lile neno vipandevipande, akalitamka, akaendelea hadi nukta ya mwisho.

Bwana Pettigrew alivua miwani, akasugua macho. "Mwaka mzima nimewahimiza mkimbie. Nilikosea. Kusoma polepole si kushindwa. Kushindwa ni kunyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Mwenzenu akijikwaa, mwinueni. Marquell, darasa la nane linakungoja." Kisha akageuka. "Keyonte, zamu yako."

Keyonte aliinuka, akafungua kitabu. Akasoma maneno mawili, akakwama. Macho yake yakamtafuta Marquell, maana alijua anachostahili.

"Taratibu, mwanangu," Marquell akamwambia. "Hatuna haraka."