Siku Wafumaji Walipofunga Midomo

Kila asubuhi Deolinda alikaanga samaki wa chumvi, akawaamsha watu wake kwa kelele, kisha akaenda kiwanda cha nguo na binti yake Ludovina. Sisi wahamiaji Wareno wa mtaa ule, mjini Fall River, karibu sote tulikuwa wafumaji.

Uzi ulikaa ndani ya kipande cha mti kinachokimbia huku na huku kwenye mashine. Tulikiita mtumbwi. Ukiweka uzi mpya, unatia mdomo kwenye tundu la mtumbwi na kuunyonya mpaka utoke. Deolinda aliutoa kwa pumzi moja, na alijivunia sana. Alimfundisha binti yake vivyo hivyo.

Wiki hiyo Ludovina alipewa mashine za Gracinda, aliyelazwa kwa kifua kikuu. Jioni jirani yao Hanora, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, alikuja kuazima chumvi. Aliposikia habari hiyo, alikaa kitako.

"Dada Deolinda, mwanao ananyonya mitumbwi ya Gracinda?"

"Anaifuta kwanza kwa aproni."

"Ugonjwa ule haufutiki kwa aproni. Mgonjwa anaunyonya mtumbwi, anaacha mate, na mwanao anayameza."

Deolinda aliweka chumvi chini. Ludovina alikuwa mtoto wake wa pekee.

"Sasa uzi utatokaje?"

"Ipo mitumbwi yenye mwanya, unapitisha uzi kwa kidole. Na sheria ya jimbo imeshakataza hii ya kunyonya. Mwenye kiwanda anajifanya hajui kusoma."

"Mimi ndiye nisiyejua kusoma," alisema Deolinda, "lakini hilo nimelielewa."

Chama kikakutana, tukakubaliana. Kesho yake uzi ulipoisha, Deolinda alifunga mdomo na kukunja mikono. Ludovina akafuata, kisha sisi sote. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Msimamizi alikuja mbio.

"Mmekuwa mabubu leo?"

"Mdomo wangu ni wa kulia mkate," alisema Deolinda. "Ukitaka kunyonya, karibu. Anza na huu wa Gracinda."

Msimamizi aliutazama ule mtumbwi. Hakuugusa.

Adhuhuri Hanora aliingia na mkaguzi wa serikali. Mkaguzi aliamuru mitumbwi yote ya zamani iondolewe, na hatukurudi kazini mpaka mipya ilipoletwa. Daktari akampima Ludovina. Kifua chake kilikuwa kizima. Tulilia kwa furaha, hata wanaume.

Mitumbwi ile ya zamani tuliifanya kuni, tukapikia supu ya kabichi kwa mtaa mzima. Deolinda akaonja kwanza. Kisha akamtafutia Ludovina kijiko kingine, kisafi.