Katoni za Mlangoni

Mtoto alikuwa amelazwa juu ya meza ya chumba cha maiti, umri wa kutambaa tu. Daktari alisema ni homa ambayo dawa ya kawaida ingeimaliza. Dawa alipewa, tena mapema. Ila ndani ya chupa mlikuwa na maji ya sukari na rangi.

Inspekta, ambaye askari wenzake walimwita Shubiri, alimfunika mtoto uso, akaenda ghala kuu la dawa akiwa amefura kwa hasira.

"Kila shehena tunaipima," alisema mkuu wa maabara ya ghala, akijinyoosha kitini. "Haijawahi kufeli sampuli hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja, afande."

"Hapo ndipo unaponitia shaka. Sampuli mnazitoa wapi?"

"Katoni za mlangoni mwa lori. Nani apande juu ya mzigo wote ule?"

Shubiri alitamani kumzaba kofi. Panya ukimtega kila siku pale pale, hupita kwingine. Mleta dawa alijua watatazama wapi, akawawekea hapo dawa safi. Lakini nani alimwambia? Utaratibu huo waliujua wawili tu: mkuu huyu na msimamizi wa ghala.

Shehena nyingine ilikuwa inaandaliwa, ya kugawiwa vituo vyote vya afya. Isipokamatwa, wangezikwa watoto wengine. Shubiri akamwita msimamizi faraghani.

"Safari hii tutapima za upande wa kushoto wa lori. Iwe siri."

Kisha akamwita mkuu wa maabara, naye peke yake.

"Tutapima za ndani kabisa, safu ya chini. Iwe siri."

Lori lilipofika, alilizuia getini, akaamuru lishushwe lote. Katoni za kupima zikateuliwa kwa kura kutoka kila pembe, zikapelekwa kwa mkemia wa polisi. Za mlangoni, feki. Za kushoto, feki. Za katikati, feki tupu. Za ndani kabisa, safu ya chini, dawa safi.

Jioni ile mkuu wa maabara aliketi chumba cha mahojiano, kola imelowa jasho.

"Habari ya safu ya chini nilikwambia wewe tu. Ukampa nani?"

Mkuu wa maabara alianza kufungua kifungo cha kola.

"Sema!" Shubiri alipiga meza.

"Mdogo wangu. Kampuni inayoleta dawa ni yake. Mama alituaga akiniusia nimtunze. Biashara ilikuwa inamfia mikononi, afande. Ningemwacha azame? Damu nzito kuliko maji."

"Na damu ya mtoto wa mwenzio ni nyepesi, siyo?"

"Sikudhani kuna atakayekufa. Homa nyingine hupoa zenyewe."

"Ulijua, mshenzi wewe! Wanao wakiugua, huwapa dawa za ghala hilihili?"

"Nawapa."

"Za katoni zipi?"

Mkuu wa maabara alijifunika uso kwa viganja.

"Za mlangoni, afande. Nazitenga kabla hazijachanganywa."