Kitasa cha Chumbani

Shangazi yangu si mtu wa hadithi. Ni mshonaji, na hasadiki kitu mpaka akipime kwa futi. Haya alinisimulia mara moja tu, mguu uko kwenye cherehani, macho hayanitazami.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Anatoka kununua uzi, mwanawe kamshika mkono, anafika mlangoni anatia mkono kwenye pochi: funguo hazimo. Akaimwaga pochi yote kizingitini. Pini, vifungo, risiti, chaki, funguo wapi! Zilikuwa tatu, kazifunga kwa utepe mwekundu: wa mbele, wa uani na wa chumba cha kulala. Wakarudi njia nzima hadi dukani wakikagua chini. Hola.

Mtoto huyo alikuwa na miaka sita. Tulimwita Kasuku, maana hakuna salamu iliyompita bila jibu. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfunza, tena kwa kumfinya: mtu akipiga hodi, mjibu.

Akaitwa fundi wa vitasa. Akachokonoa mlango kwa waya, ukafunguka hata mate hujameza.

"Fundi wee, upesi hivyo? Hukuanza na wizi kweli?"

"Mama, mwizi gani anaandika risiti?"

Wakacheka. Fundi akabadilisha kitasa cha mbele, akaweka komeo kwa ndani, mlango wa uani akautia kufuli jipya. Akatikisa nondo za madirisha, moja moja. Halafu akasimama koridoni.

"Na hiki cha chumbani?"

"Achana nacho. Mwizi akifika chumbani si keshaingia?"

"Funguo zikipotea hubadilishwa vyote, mama."

"Fundi, nyumba yangu naijua."

Basi, fundi akafunga mkoba wake. Akampa funguo mbili mpya za mlango wa mbele. "Ni hizi tu, hakuna ufunguo mwingine." Shangazi akazitia zote mbili kifuani, akasukuma komeo, roho ikamtulia.

Saa nane mchana Kasuku alikuwa amelala chumbani. Jua kali, mtaa kimya. Shangazi anashona kola. Akasikia ufunguo unaingia kwenye mlango wa mbele.

Ukaingia. Ukagoma kuzunguka. Ukatolewa taratibu, ukaingizwa tena. Na ule mlio wa funguo kugongana aliujua. Aliusikia kila siku kwa miaka saba.

"Nani?" akanong'ona.

Mwanga ulipita chini ya mlango, na hapakuwa na kivuli cha miguu. Shangazi akaiburuta cherehani akaukinga mlango. Zikasikika nyayo zikizunguka nyumba kwenda uani. Kufuli likatikiswa mara moja. Likaachwa.

Akakaa chini, jasho linamtiririka. Akamshukuru Mungu, akamshukuru na fundi.

"Hodi."

Haikutoka mbele. Haikutoka uani. Ilitoka koridoni, humo humo ndani, kwenye mlango wa chumba. Sauti ya upole, ya mtu mwenye adabu zake.

Shangazi alifungua kinywa amkataze mtoto. Sauti haikutoka.

"Karibu," akajibu Kasuku.

Mlango wa chumba ukafunguka, ukafungwa. Ufunguo ukazungushwa kwa ndani. Mara mbili.

Jamani, mama ni mama. Alikimbia, akaupiga ule mlango kwa ngumi, kwa bega, akachomeka mkasi wake mkubwa kwenye upenyo, mkasi ukakatika. "Kasuku! Mwanangu!"

"Mama, usipige kelele," Kasuku akanong'ona. "Atakosea kuhesabu."

"Anahesabu nini?"

"Vidole vyangu."

Shangazi akaanguka magoti. Hajui alikaa hapo muda gani. Kisha kitasa kikalia, mlango ukajiachia wenyewe.

Kasuku alikuwa amekaa kitandani, miguu inaning'inia, peke yake. Nondo zote zipo. Komeo lipo palepale. Shangazi akamshika mikono, akahesabu vidole. Kumi. Akahesabu tena, analia.

"Kwa nini ulimjibu, mwanangu?"

"Si alipiga hodi, mama? Wewe ndiye uliyenifunza."

Kwenye kitasa cha chumbani, kwa ndani, zilining'inia funguo zake na utepe wake mwekundu. Tatu za zamani. Na wa nne, mpya, unang'aa. Shangazi akajipapasa kifuani: zile mbili za fundi zilikuwepo. Akaenda mlango wa mbele akaujaribu huo wa nne. Ukazunguka vizuri tu, bila kukwama.

Walihama kabla jua halijazama. Kasuku sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Kila akija kwa mama yake, Shangazi humshika mikono yote miwili, akakaa nayo kitambo kabla hajamwachia aingie. Wageni huona ni mapenzi tu ya mama na mwana. Mimi najua kwamba anahesabu.