Kufuli Lenye Rangi ya Kucha

Kataa. Anza kukataa mapema, kabla sijafika mbali, baadaye usiseme nilikushtukiza. Wajuaji nimewaona wengi. Wana vyeti vya kutundika ukutani, wanacheka mpaka katikati ya habari hii, kisha nawaona wanapandisha miguu kwenye kiti. Mimi shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, lakini kwa kusimulia hujanifikia. Na haya hayakumpata jirani wa shemeji wa mtu fulani. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini.

Dada ni fundi wa mashine za baridi. Usifikirie friji za majumbani. Nasema zile mashine zinazokaa mbele ya kasha la lori, juu ya kichwa cha dereva, zenye injini yao wenyewe ya dizeli, zinazofanya nyama isafiri siku tatu juani ikiwa imekakamaa kama ubao. Katika yadi hiyohiyo mimi naendesha foklifti, na naiendesha vizuri, waulize. Lakini dada akishika spana hata mimi hunyamaza, na kuninyamazisha mimi si kazi ndogo.

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote. Saa nne asubuhi, jua limeshakaza, lami ya yadi inanata kwenye soli. Dada alikunywa chai yake amesimama, akamtania mlinzi kwamba kofia yake imemzidi cheo, akachukua karatasi ya ukaguzi. Zamu ilikuwa ya lori namba saba.

Hapo acha kujifanya unajua, nikueleze. Gari huwaka ukiliwasha. Mashine ya baridi, ukiiacha kwenye otomatiki, hujiwasha yenyewe pale joto la ndani ya kasha linapopanda. Haipigi honi. Haikuulizi mkono wako uko wapi. Ndiyo maana fundi hafungui milango ya mashine kabla hajazima swichi na kuitia kufuli. Kufuli lake mwenyewe. Kila fundi ana moja, na ufunguo wake ni mmoja, na ufunguo huo hukaa mfukoni mwake mpaka atoke na vidole vyake vyote. Kufuli likining'inia kwenye swichi, maana yake ni kwamba kuna mtu kazini. Halikatwi. Hata mwenye kampuni haligusi.

Mafundi hutia alama makufuli yao yasichanganyane. Dada alifunga uzi wa buluu. Fundi aliyemfundisha kazi, mtu mzima tuliyemwita Kumi na Tatu kwa sababu spana namba kumi na tatu haikutoka mfukoni mwake hata akienda msibani, alipaka la kwake rangi ya kucha ya mke wake. Ya waridi. Tulimcheka mwaka mzima. Akasema cheka tu, lakini hakuna mwizi atakayeliiba.

Mwezi mmoja kabla ya siku hii ninayosimulia, namba saba ilijiwasha Kumi na Tatu akiwa na mkono wa kulia kwenye mikanda. Alitoka damu yote kabla gari la wagonjwa halijafika. Kwenye swichi hapakuwa na kufuli. Basi ikaandikwa karatasi kwamba marehemu alifanya kazi bila kufunga, kwa uzembe wake, na wafanyakazi wote wakaisaini. Dada siku ile hakuwepo kazini, alikuwa anauguza mtoto. Karatasi ilipelekwa nyumbani. Akasaini jambo ambalo hakuliona. Tangu hapo alikuwa halali vizuri, na hakumwambia mtu sababu.

Sasa turudi kwenye namba saba.

Kwanza alifungua kasha. Akapita mpaka mwisho na tochi, akaita kama ilivyo kawaida, akatazama matundu ya kutolea maji kama yameziba, akakagua mipira ya milango. Tupu. Akatoka, akafunga mwenyewe. Kisha akaenda mbele kwenye boksi la swichi, kufuli lake mkononi.

Palikuwa na kufuli tayari.

Limefungwa. Lina doa la waridi. Na lilikuwa na barafu. Katika jua lile, limevaa ukungu mweupe kama kitu kilichotolewa sasa hivi kwenye chumba cha nyama.

Dada aliligusa kwa kidole, ngozi ikanata. Akafikiri ni utani. Akafikiri ni mimi, na simlaumu, sura yangu inaruhusu. Akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa yadi, tunayemwita Bwana Saa kwa sababu hakutazami wewe, anatazama mkono wake. Bwana Saa akasema mzigo unasubiri, kateni. Dada akamjibu kwamba kufuli la mtu halikatwi. Bwana Saa akasema kama hawezi, milango ya yadi ni mipana, na wapo wengi nje wanaotaka kuingia.

Aliporudi kwenye lori, kufuli halikuwepo. Chini ya swichi lami ilikuwa imelowa, duara dogo, kama mtu aliyesimama akitiririka.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani. Dada ana watoto watatu na mume ambaye mgongo ulimwangusha miaka miwili iliyopita, kwa hiyo alibaki. Lakini alifunga kama hajawahi kufunga. Swichi akazima. Kufuli la uzi wa buluu, kaa! Ufunguo mfukoni, kifungo cha mfuko juu yake. Kisha akang'oa na waya wa betri kabisa, akauacha unaning'inia hewani. Akavaa miwani na glovu, akapanda jukwaa, akafungua milango ya mashine.

Akapima oili. Nzuri. Rejeta hakuifungua mfuniko, alitazama kiwango cha maji kwenye chupa tu. Nzuri. Akamwaga maji yaliyojikusanya kwenye chujio la dizeli. Ikabaki mikanda. Mkanda hukaguliwa kwa mkono, hakuna ujanja. Unaubonyeza kwa dole gumba katikati, usikie kama umelegea, kisha unapitisha kidole upande wa ndani kutafuta nyufa.

Akapeleka mkono.

Ko. Ko. Ko.

Kutoka ndani ya kasha. Chuma juu ya ukuta.

Mkono ukasimama hewani. Kugonga mara tatu kwa spana ilikuwa lugha yao wawili, yeye na Kumi na Tatu. Mmoja akiwa ndani na mwingine nje, anayegonga anasema: usiwashe, bado nipo. Watu wengine wa yadi hawakuitumia.

Akajiambia ni bati linatanuka kwa jua. Akapeleka mkono tena. Kidole kikagusa mpira.

Ko. Ko. Ko.

Akaegemeza sikio ukutani. Baridi ikamuuma shavu. Mashine haijawaka tangu jana. Kasha lilikuwa la moto alipoingia.

Akanong'ona, "Nani?"

Kisha pumzi. Karibu. Upande wa pili wa bati, pale pale penye sikio lake.

"Binti. Bado nipo."

Dada alivuta mkono. Hakuamua, mkono ulijivuta. Na wakati huohuo injini ikawaka.

Waya wa betri unaning'inia. Swichi imefungwa. Injini ikawaka.

Mkanda ukadaka ncha ya glovu. Glovu ikatoka. Ikaingia. Ikarudi vipande. Dada alikuwa chini ya jukwaa, amekaa kwenye lami, anahesabu vidole. Vitano. Akahesabu tena. Vitano.

Mashine ikanguruma kwa muda wa mtu kusema jina lake mara kumi. Kisha ikazima.

Mlinzi alikuja mbio, kofia mkononi. Wakaenda wote wawili kwenye swichi. Makufuli yalikuwa mawili. La uzi wa buluu. La rangi ya waridi.

Mlinzi akavaa kofia yake, akaivua tena. Dada akamwomba amsindikize kufungua kasha. Mlango ulipofunguka baridi ikawamwagikia miguuni. Sakafu nyeupe kwa barafu, haina alama ya kiatu. Lakini ukuta wa mbele, ule unaopakana na mashine, ulikuwa umejaa viganja. Kiganja juu ya kiganja, kuanzia kiunoni mpaka juu. Vyote vya mkono wa kulia.

Mchana uleule, bila kuaga, dada alikwenda nyumbani kwa mjane wa Kumi na Tatu. Alimkuta anaanua nguo. Akamwomba, kwa aibu, kama anaweza kuona vitu vilivyokutwa kwenye ovaroli ya marehemu. Mjane akaleta mfuko wa plastiki. Saa iliyopasuka kioo. Kitana. Ufunguo mmoja mdogo.

"Walisema mume wangu hakufunga," mjane akasema taratibu, anakunja shati la mtoto. "Mwanangu, wewe fundi. Huu ulikuwa unafanya nini mfukoni mwake?"

Dada aliutazama ule ufunguo. Jina lake mwenyewe lilikuwa kwenye karatasi ile. Na mjane alijua, maana majina yote alisomewa. Hakumtolea neno baya. Alimwekea ufunguo kiganjani, akamfunga vidole juu yake.

Asubuhi iliyofuata Bwana Saa alikuwa amesimama mbele ya namba saba na wafanyakazi wote, sauti juu, anauliza nani ametia makufuli mawili, na leo lazima mmoja amwage unga. Dada akapita katikati ya watu. Akatoa kwanza kufuli lake. Halafu akashika lile la waridi, akaingiza ufunguo wa marehemu, akazungusha.

Likafunguka.

Watu ishirini na kitu tuliona. Akaliinua ili kila mtu atazame rangi. Baridi ikamzidi, likamponyoka. Halikulia lilipoanguka. Chini palikuwa na maji tu, na juu ya maji utando mwembamba wa waridi unaelea.

Dada akafuta viganja kwenye ovaroli, akamgeukia Bwana Saa. Alisema anafuta saini yake, na atakwenda kuifuta popote ile karatasi ilikopelekwa. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa na mikono miwili na jina lake. Bwana Saa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakutazama saa.

Kisha dada akatugeukia sisi. Sauti ilikuwa ya chini, ikabidi watu wa nyuma wasogee.

"Alifunga. Kwa hiyo yupo mtu alikata. Simtaki kwa ubaya. Namtaka aende kwa mjane akaseme."

Alitutazama mmoja mmoja.

Ile karatasi ilifutwa. Jina la Kumi na Tatu likasafishwa. Dada bado yupo kazini, na namba saba inasafiri mpaka leo bila kugonga chochote. Habari hii nimeisimulia vibarazani, kwenye foleni, mpaka kwenye harusi moja, na kila mara huwa naishia hapa, watu wanashika vichwa, mimi napokea soda yangu.

Lakini kuna kipande huwa nakiruka.

Siku aliyokufa Kumi na Tatu, dereva wa namba saba alikuwa anapiga honi. Bwana Saa anapiga kelele. Mimi nilikuwa na mzigo kwenye foklifti, na kulikuwa na watu wanatazama, na nikasema kwa sauti, mnashindwa na kikufuli cha rangi ya kucha? Kutoka kwenye swichi jukwaa la mashine halionekani. Niliita mara moja, "Kuna mtu?" Sikusubiri jibu. Nilikuwa na mkasi wa kukatia vyuma chini ya kiti. Nikakata. Nikazungusha swichi kwenye otomatiki. Kasha lilikuwa na joto.

Vipande nilivitia kwenye pipa la oili chafu wakati wengine wanakimbilia jukwaani. Na ile karatasi iliyopelekwa nyumbani kwa dada, aliyempelekea ni mimi. Kalamu ilikuwa yangu. Aliniuliza, mdogo wangu, una hakika hakufunga? Nikamwambia saini tu dada, watu wanasubiri.

Kwa mjane sijaenda. Kila nikikaribia njia ya kwake nakumbuka safari nyingine.

Mkasi niliuhamishia chumbani kwangu, chini ya kitanda, umefungwa kwenye gunia. Chumba changu ni cha bati, hakina dirisha, hata feni sina. Jana mchana niliutoa nikautupe mbali. Nilishindwa kuufungua. Meno yake yalikuwa yameganda kwa barafu, na kwenye mpini wa kulia, juu ya barafu, palikuwa na alama za vidole vitano vilivyoshika kabla yangu.