Kibao cha Ishirini na Moja

Kila Jumamosi, kabla hata hajanywa chai, Swala alifuta ubao wa vibao kwa kitambaa kibichi. Ubao huo ulikuwa ndani ya kibanda cha mbao, pale njia ya kupanda mlimani ilipoanzia. Ulikuwa na misumari arobaini, na kwenye kila msumari kulining'inia kibao kidogo chenye namba na uzi wa kuvaa shingoni. Mama yake Swala alikuwa mwongoza wageni. Aliwapeleka watu kuona maporomoko ya maji, akawarudisha siku hiyohiyo. Kila aliyepanda alichukua kibao, na akirudi alikitundika mahali pake. Msumari mtupu maana yake ilikuwa moja tu: kuna mtu bado yuko mlimani. Mama hakuwahi kufunga kibanda kukiwa na msumari mtupu, hata siku ile alipolowa chapachapa akimsubiri mzee mmoja aliyesahau saa kwa kutazama ndege.

"Shingo iliyovaa, mkono wake ndio unaotundika," mama alizoea kusema. "Humtundikii mtu kibao, hata awe pacha wako."

Swala alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Jina lake la rejista walilitumia walimu peke yao; wengine wote walimwita Swala kwa sababu ya miguu yake mirefu isiyochoka. Kwa mwaka mzima sasa mama alikuwa amempa kazi ya mkia. Mama alitangulia mbele ya msafara, na Swala akawa wa mwisho kabisa. Mkia ndiye anayefunga msafara; haruhusiwi kuwa na mtu nyuma yake. Akiona jambo, anapiga filimbi mara moja, mlio mrefu, na msafara wote unasimama.

Jumamosi hiyo Swala aliufuta ubao mara mbili, maana wageni walikuwa darasa lake mwenyewe. Walikuja wanafunzi thelathini na mwalimu wao wa hesabu, kila mmoja na kifuko chake cha chakula. Wote walikaa mjini pale chini, kwa hiyo ilipangwa kwamba wakisharudi kibandani kila mtu ataenda kwao kwa miguu.

"Leo tutakuona bosi," alisema Kasuku, rafiki yake, akivaa kibao cha ishirini na moja. Kasuku naye alilipata jina lake kihalali. Alianza kuongea asubuhi akifunga viatu, na hakuna aliyejua alinyamaza saa ngapi. Kiunoni alikuwa amejifunga sweta ya kijani ya dada yake, aliyoichukua bila kuomba.

Walifika kwenye maporomoko kabla ya saa sita. Maji yalianguka kutoka juu sana na kupiga bwawa kwa kishindo, na wanafunzi wakapiga kelele kushindana nayo. Wakala mikate na mayai ya kuchemsha. Mwalimu, ambaye hata mlimani hakukubali akili zipumzike, aliwasimamisha mmoja mmoja wataje jedwali la saba. Kasuku alikwenda vizuri mpaka saba mara saba, kisha akakwama palepale alipokwama wiki nzima.

"Saba mara nane... hamsini na nne!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akatikisa kichwa. "Siku utakayoipata hiyo, mwanangu, nitachinja mbuzi."

Kisha mama akasimama kuwaambia utaratibu wa kurudi. "Msimpite mtu wa mbele, na msibaki nyuma ya mkia," alisema, akamwekea Swala mkono begani. "Tangu huyu aanze kazi, hajawahi kuacha mtu." Wenzake wakampigia makofi. Swala aliinama kujifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, lakini moyoni alijiona amekua ghafla.

Labda ni sifa hizo zilizomfanya, walipokuwa wakiosha mikono bwawani, amwonyeshe Kasuku jambo lisilopaswa kuonyeshwa. Nyuma ya kichaka palikuwa na njia ya zamani, iliyozibwa kwa tawi kavu. "Hii inakata kona zote," alinong'ona. "Wageni hawaijui." Hakusema kwamba mvua ilikuwa imeila njia hiyo upande mmoja, na kwamba tawi lile aliliweka mama mwenyewe.

Walikuwa wameteremka mwendo wa dakika kumi Kasuku aliposhika kiuno chake na kusimama.

"Sweta! Nimeiacha juu ya jiwe."

"Tutampigia filimbi mama," alisema Swala.

"Usipige! Watanicheka tena. Na dada akijua nimeichukua, leo silali." Kasuku alikuwa tayari amevua kibao chake. "Shika hiki, kisinisumbue nikikimbia. Nakimbia, naichukua, nashuka na ile njia yako ya mkato. Mtanikuta nawasubiri kibandani."

Swala aliishika filimbi. Aliifikisha mpaka mdomoni. Akamfikiria mama akisimamisha msafara mzima, darasa zima likigeuka kumtazama mkia aliyesifiwa muda mfupi tu uliopita. Akaishusha. Alipogeuka, Kasuku alikuwa ameshapotelea kwenye kona, na kibao kilikuwa kiganjani mwake.

Walifika kibandani saa tisa na nusu. Wanafunzi walipanga foleni, kila mmoja akatundika kibao chake. Swala alichungulia nje mara tatu. Kasuku hakuwapo. Mama alikuwa mlangoni akiagana na mwalimu. Atakuja sasa hivi, Swala alijiambia, akatundika cha kwake, kisha haraka akatundika na cha ishirini na moja.

Mama aliingia, akapitisha macho kwenye ubao msumari kwa msumari, akatundika kibao chake. Kisha akauliza swali aliloliuliza kila Jumamosi.

"Mkia, umefunga?"

"Nimefunga," Swala akajibu. "Hakuna aliyebaki."

Hata yeye alishangaa jinsi maneno yale yalivyotoka kwa urahisi.

Mwalimu akaondoka. Wanafunzi wakatawanyika wakiimba. Mama akaanza kufagia. Swala alikaa kwenye kizingiti akitazama njia. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka kileleni. Kwanza ulifunika miamba, halafu miti ya juu, halafu miti ya katikati. Hewa ikawa baridi. Labda amepitia nyuma ya kibanda, alijiambia. Labda ameogopa kuulizwa, ameshafika kwao.

Muuza chai, ambaye meza yake ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, alikuwa akisuuza vikombe vyake. "We Swala," alisema, "yule rafiki yako anaumwa koo leo? Asubuhi alinisimulia habari za ukoo wao mzima. Kurudi, hata kuniaga hakuniaga."

Swala aligeuka kumtazama. Kasuku kupita pale bila kusema neno? Hilo halikuwezekana. Hakuwa amepita. Yuko juu, kwenye ukungu, peke yake, na hapa chini ubao unasema amerudi.

Mama alikuwa ameshatoa ufunguo.

Swala alisimama. Akajua kwamba akisema, mama atamwona mwongo, na sifa zote zitakwisha leo. Akajua pia kwamba ufunguo ukizunguka mle tunduni, hakuna mtu duniani atakayekwenda kumtafuta Kasuku mpaka usiku.

"Mama, usifunge."

"Kuna nini?"

"Cha ishirini na moja... nilikitundika mimi. Kasuku alirudi bwawani kuchukua sweta. Sijamwona tena."

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliingia ndani, akakitoa kibao msumarini, akakishika mkononi.

"Angeshuka na njia ipi?"

Swala alikitazama kibao mkononi mwa mama. Angeweza kusema njia kubwa. Tayari alikuwa ameungama kosa moja, na la pili lilionekana zito kuliko la kwanza. Mama alimtazama, akangoja.

"Alisema atashuka na ile ya zamani. Nilimwonyesha mimi, mama."

Mama akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Vaa kibao chako. Wewe ndiye unayejua mlipoachana. Twende." Alivaa kibao chake, akachukua kamba na blanketi, akamwambia muuza chai amfuate mwalimu na kuwaita watu wa kwao Kasuku. Muuza chai aliviacha vikombe vyake palepale, akaondoka mbio.

Walipanda kwa haraka. Walipofika njia panda, mama alisukuma vichaka, wakaingia njia ya zamani kutokea chini. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Swala aliuona mgongo wa mama tu. Mama alipiga filimbi, akasikiliza. Kimya. Wakasogea, akapiga tena. Kimya. Swala alilia huku akitembea, na hakujaribu kujificha. Alikuwa amezoea kumwambia Kasuku anyamaze. Sasa angetoa chochote alichonacho asikie sauti yake.

Kisha mama akainua mkono. Mahali fulani chini yao, mtu alikuwa akiongea peke yake, polepole, kwa sauti iliyokwaruza.

"Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa. Saba mara nane... saba mara nane, hamsini na nne..."

"Hamsini na sita!" Swala alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Kasuku! Ni hamsini na sita!"

Jedwali likakatika. Halafu kilio. "Swala? Swala, niko huku chini!"

Ukingo wa njia ulikuwa umemomonyoka chini ya miguu yake. Alikuwa ameteleza korongoni, na mzizi mmoja wa mti ndio uliomzuia asiende hadi kwenye mawe. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka na kuvimba. Mama alifunga kamba kwenye mti, akamwambia Swala ashike fundo na asiliachie hata kwa dawa, akashuka. Aliporudi, Kasuku alikuwa mgongoni mwake, amefungwa blanketi, meno yakigongana. Sweta ya kijani ilikuwa mwilini, imejaa tope.

"Usingizi ulikuwa unanishika," Kasuku alisema. "Nikasema nikiongea sitalala. Hadithi ziliniishia, nikahamia jedwali."

"Umefanya vizuri," mama alisema. "Endelea kuongea, mwanangu. Leo hakuna atakayekunyamazisha."

Walifika kibandani kabla ya giza. Mwalimu alikuwapo, na muuza chai, na dada yake Kasuku aliyekuja pekupeku, mguu mmoja ukitoka damu. Alimkumbatia mdogo wake huku akilia.

"Dada, nisamehe, sweta yako imeharibika," alisema Kasuku.

"Sweta?" dada akauliza. "Sweta gani?" Akazidi kulia.

Muuza chai alikuwa ameshapata mkokoteni wa kumpeleka zahanati, lakini mama aliomba dakika moja. Alimbeba Kasuku mpaka mbele ya ubao, akamwekea kibao cha ishirini na moja kiganjani. Vidole vya Kasuku vilikuwa vimekufa ganzi, kibao kikagonga ubao mara mbili kabla ya kuingia msumarini. Hakuna aliyemsaidia. Swala akatundika cha kwake, na mama cha kwake.

Ndipo mama akamgeukia binti yake. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mimi siwezi kuuona mlima wote, Swala. Naona msumari. Msumari mtupu ukiniambia kuna mtu juu, nakwenda, hata kwa mvua. Lakini ubao ukinidanganya, nafunga mlango na mtoto wa mtu yuko nje, na nakwenda kupika kwa amani. Ulidhani unamfichia rafiki yako aibu. Ulimficha yeye mwenyewe, tusimwone."

"Nilitaka usinione vibaya, mama."

"Najua. Na ulipofungua mdomo ulijua nitakuona vibaya, ukasema. Ungenificha ile njia, tungekuwa bado tunazunguka njia kubwa mpaka sasa. Uongo wako ulimwacha kule, na ukweli wako umemtoa. Vyote viwili ni vyako, vikumbuke vyote viwili." Akautazama ubao. "Mpaka muhula huu uishe utatembea katikati, na wageni wengine. Mkia atakuwa mtu mwingine. Imani ni kama ile njia: mvua ya siku moja inaila, na kuijenga upya ni kubeba jiwe moja moja."

"Sawa, mama," Swala alisema, na hakuona kwamba ameonewa.

"Lakini kazi ya leo ni yako, na haijaisha." Mama akatoa ufunguo. "Mkia, umefunga?"

Swala aliusogelea ubao. Aligusa kila kibao kwa kidole chake, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho. Kisha akageuka, akawaangalia watu wenyewe. Alimtazama mama, akajiangalia miguu yake yenye tope, akamtazama Kasuku aliyekwisha kuwekwa kwenye mkokoteni na kuanza kumsimulia muuza chai habari za korongo.

"Nimefunga," alisema. "Hakuna aliyebaki."