Lebo za Mbegu za Dada Nyanjura

Nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu hapa Bunda, nakaa bwenini. Kwa utani mimi ndo kinara. Nimeshawahi kuifunga kengele ya shule kwenye shingo ya mbuzi! Ila haya ninayowasimulia, wenzangu, hayachekeshi...

Dada yangu Nyanjura alimaliza kidato cha nne, akabaki nyumbani Guta na mama. Mtafiti mmoja wa mbegu akampa soya za aina mbili za majaribio. Ya kwanza mizizi yake inakaribisha bakteria, inaota vinundu, inajitengenezea mbolea yenyewe. Ya pili ina hitilafu kwenye jeni, bakteria inawakataa kabisa! Hiyo ni ya kulinganishia tu. Mtafiti akaahidi kwamba dada akizitunza vizuri, atamchukua kwenye kituo chao cha utafiti akajifunze kazi.

Jamani, dada alivyofurahi! Akazipanda, akavuna, akaanika, akaweka lebo kwenye kila kiroba. Punje zenyewe zinafanana kama mapacha.

"Ukigusa nakuchapa, we kichekesho," akaniambia.

Basi mimi, usiku wa mwisho wa likizo, nikabadilisha lebo! Nilitaka nimwone akihangaika, nicheke, nizirudishe. Asubuhi nikarudi shule, nikasahau... Nilisahauje mimi?

Mama akapanda shamba zima kwa kiroba chenye lebo ya ile aina nzuri. Nilipokuja likizo iliyofuata, soya zilikuwa za njano, zimedumaa. Mtafiti akaja kukagua, akang'oa shina. Mizizi mitupu kama kidevu changu!

"Nyanjura, lebo uliweka mwenyewe?"

"Ndiyo, mtaalamu."

"Basi umezichanganya. Kazi hii haitaki mtu wa hivyo."

Dada akaniangalia. Mdomo wangu, unaoongeaga hata kanisani, ukagoma.

Mama akamwita mzembe mbele ya majirani. Wiki ile ile dada akaenda Kibara kwa shangazi, kuanika dagaa.

Nilikuja kukiri, ila nilikuwa nimeshachelewa. Mama alilia. Mtafiti akasema nafasi imeshapata mtu. Nikamfuata dada Kibara, nikapiga magoti palepale kwenye dagaa. Hakunitukana...

"Nichekeshe sasa, mdogo wangu. Si ndo kazi yako?"

Nilishindwa.

Wenzangu mnaopenda utani, nawasihi, ukiharibu sema siku hiyo hiyo! Mimi pale shambani nilitakiwa kusema "ni mimi" tu, nikameza. Likizo hii nimeng'oa soya zile zote peke yangu. Kila mzizi naukagua, labda nitaona hata kinundu kimoja... Hakuna.